Barua ya wazi kwa wakuu wa BBC: tuonesheni kazi za Waris Hussein

Kwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkurugenzi Mkuu na Mkuu wa Hifadhi ya Kumbukumbu,
Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC),
London.

YAH: KAZI ZA MWONGOZAJI WARIS HUSSEIN

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Ndivyo tulivyofundishwa kuanza barua za kiofisi kule Tanga, na kuhamia Leicester hakujanifanya niache. Naandika kwa Kiswahili nikijua wa kuwasomea mnao: Idhaa yenu ya Kiswahili iko hewani tangu Juni 1957, na majumba mengi kwetu bado yanapanga jioni yao kwa kufuata Dira ya Dunia. Ada ya leseni ya televisheni nalipa sawa na jirani yangu Mwingereza, na kwa haki ya risiti hiyo nina neno.

Novemba 2023 mlisherehekea miaka 60 ya Doctor Who, tamthilia yenu ya Daktari, mzee anayesafiri katika nyakati ndani ya chombo chenye umbo la kibanda cha simu cha polisi. Mlifungua ghala, mkaweka kwenye iPlayer, huduma yenu ya kutazama mtandaoni, zaidi ya vipindi 800 vya tamthilia hiyo, tangu enzi za picha nyeusi na nyeupe. Nikaenda kutafuta vinne vya mwanzo kabisa, vile alivyoviongoza Waris Hussein akiwa kijana wa miaka 24. Havikuwemo. Mgogoro wa hakimiliki na upande wa urithi wa mwandishi wa miswada, Anthony Coburn, aliyefariki 1977, ulikuwa haujaisha, kwa hiyo mkusanyo wenu ulianzia hadithi ya pili. Mwezi huo huo mkarusha tena filamu ya televisheni mliyoitengeneza 2013 kusimulia jinsi vipindi hivyo vilivyozaliwa. Humo Sacha Dhawan anamwigiza Hussein. Mwisho wake mkaufanyia ukarabati: palipokuwa na Matt Smith, Daktari wa 2013, mkamweka Daktari mpya, Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali.

Kumwona Gatwa kulinifurahisha, siwezi kukana. Lakini litazameni jambo lenyewe. Fedha za kuirekebisha filamu inayosimulia kazi ya mtu zilipatikana, ilhali kazi yenyewe haikuonekana. Tuliruhusiwa kumtazama mwigizaji akijifanya anaongoza, na kile kilichoongozwa tukanyimwa.

Hilo ndilo linalonikera katika namna mnavyomtunza mtu huyu. Mnampenda kama kisa. Kijana wa Kihindi na mwanamke mtayarishaji ndani ya jengo lililojaa wanaume wa Kiingereza waliojiona wanajua kila kitu: kisa kitamu, kinasimulika, kinapigwa picha vizuri siku ya maadhimisho. Ila Hussein hakuajiriwa awe kisa. Aliajiriwa kuongoza tamthilia, akaziongoza miongo mingi, kwenu na kwa washindani wenu.

Kwa wasomaji wenzangu wasiomjua, niwaibie maneno machache. Alizaliwa Lucknow, kaskazini mwa India, Desemba 1938, akaletwa Uingereza mwaka 1946 akiwa bado mtoto. Mama yake ni Attia Hosain, mwandishi wa riwaya, ambaye alikuwa mtangazaji katika Idhaa yenu ya Mashariki. Kwa hiyo huyu ni mtoto wa idhaa, kama wapo watoto wa watangazaji wetu waliokulia kwenye korido za Bush House, makao ya zamani ya idhaa zenu. Msidhani aliokotwa mtaani, maana alipita shule ya Clifton, kisha Queens' College kule Cambridge, rika la waigizaji kina Derek Jacobi na Ian McKellen, na huko ndiko alikoanza kuongoza waigizaji. Mwaka 1960 akaingia BBC kujifunza kazi. Mwongozaji wa tamthilia mwenye asili ya India hamkuwa naye kabla yake.

Mwaka 1963 mkuu wenu wa tamthilia alikuwa Sydney Newman, Mkanada asiyejali sana ukoo wa mtu. Alimpa Verity Lambert, mwanamke wa miaka 27, utayarishaji wa tamthilia mpya ya Jumamosi jioni, na uongozaji wa hadithi ya kwanza ukamwangukia Hussein. Studio waliyopewa ilikuwa D ya Lime Grove, chumba kikongwe, chembamba, chenye joto kali la taa kiasi kwamba vinyunyizio vya kuzimia moto viliweza kufunguka vyenyewe. Kamera zilikuwa mapande ya mashine yasiyopenda kugeuka. Na katika siku zile kurekodi hakukuwa kukatakata na kuunganisha kama sasa. Wiki nzima ilikuwa ya mazoezi, halafu jioni moja kipindi chote cha dakika 25 kinachezwa mfululizo karibu kama jukwaani, kwa sababu kuukata utepe wa video kulikuwa gharama na balaa. Mwigizaji akijikwaa, kujikwaa kwake kulikwenda hewani.

Jaribio la kwanza la kurekodi, tarehe 27 Septemba 1963, liliharibika. Milango ya chombo ilikataa kufunga, na Daktari mwenyewe, aliyeigizwa na William Hartnell, alitoka mkali kupita kiasi. Newman angeweza kuwafukuza Lambert na Hussein wote wawili. Badala yake akawapa orodha ya kasoro na kuwaambia warudie, wakarudia 18 Oktoba. Kipindi kikarushwa 23 Novemba, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa, watu wakiwa na mambo mengine vichwani, hata ikabidi kirudiwe wiki iliyofuata kabla ya kile cha pili.

Mtu akikitazama leo, anaona mkono wa mwongozaji tangu picha ya kwanza. Polisi anapita kwenye ukungu usiku, anamulika lango la uwanja wa vyuma chakavu, anaondoka. Lango linafunguka lenyewe. Kamera inaingia polepole kati ya takataka hadi kwenye kibanda cha simu cha polisi kinachovuma kama kiumbe hai. Hakuna aliyezungumza bado. Kisha tunahamishiwa shuleni, kwa walimu wawili wanaomshangaa mwanafunzi wao, na yule mzee anayebeba tamthilia nzima hatumwoni mpaka karibu na nusu ya kipindi. Kijana wa miaka 24, katika chumba kile, na mashine zile, aliweza kumficha mhusika wake mkuu kwa dakika zaidi ya kumi na bado mtazamaji asiondoke. Waongozaji wetu wanaotamba leo kwa kamera za simu wangejifunza mengi hapo, kama wangeruhusiwa kukiona.

Na hicho angalau kipo. Njooni kwenye kisichokuwepo.

Februari hadi Aprili 1964 Hussein aliongoza sehemu sita kati ya saba za safari ya Marco Polo kuelekea kwa Kublai Khan (ile ya nne iliongozwa na John Crockett). Pamir, jangwa la Gobi, dhoruba ya mchanga na kasri la mfalme, vyote vilijengwa studioni, na ramani ikaoneshwa huku sauti ya Polo ikisoma daftari lake la safari. Hadithi hiyo ndiyo iliyoipa Doctor Who jalada lake la kwanza katika jarida lenu la Radio Times. Leo hakuna hata sehemu moja iliyosalia. Mlizifuta.

Nasema mlizifuta, ingawa hakuna hata mmoja wenu aliyekuwa ofisini wakati ule. Sababu zake nazijua na nyingi zina akili. Utepe wa inchi mbili ulikuwa ghali na uliweza kurekodiwa upya. Mikataba na chama cha waigizaji ilibana marudio. Rangi ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 60, picha nyeusi na nyeupe zikaonekana mali isiyouzika. Kanda za kutazamia nyumbani zilikuwa bado ndoto. Kubwa zaidi, wahandisi walifuta tepe wakiamini idara ya mauzo ya nje inazo nakala za filamu, na idara ya mauzo ikachoma nakala zake mkataba ulipokwisha, ikiamini tepe zipo kwa wahandisi. Maktaba ya filamu haikuwa na wajibu wa kutunza utepe wa video. Ni mwaka 1978 ndipo mlipomweka mtu mahususi wa kuchagua kipi kitunzwe. Kila aliyefanya kazi serikalini anaifahamu aina hiyo ya uharibifu, ambayo haina mkosaji hata mmoja na kila jalada limesainiwa ipasavyo.

Kinachochekesha, kama una moyo wa kucheka, ni kwamba lile jaribio lililoharibika, lenye milango inayogonga, mnalo hadi leo. Lililokataliwa limebaki, lililosifiwa limekwenda na moto.

Basi tunaijuaje safari ya Marco Polo? Sauti yake ipo kwa sababu watazamaji vijana waliweka vinasa sauti mbele ya televisheni majumbani. Picha zake zipo kwa sababu alikuwepo mpiga picha mmoja, John Cura, aliyejipatia riziki kwa kupiga picha skrini ya televisheni vipindi vikiwa hewani na kuwauzia waongozaji na waigizaji vipicha vidogo vya kazi zao. Hussein alivinunua, akaviweka. Miaka karibu 40 baadaye ndivyo vilivyotokea mikononi mwake, vya sehemu zake sita. Ile ya nne, ambayo haikuwa yake, haikuwemo. Tafakarini hapo, waheshimiwa. Kumbukumbu ya macho ya mali ya shirika kubwa la utangazaji ilitunzwa na mwajiriwa, kwa pesa yake, nyumbani kwake.

Nami sitaki kuiona kazi hiyo ili nipige makofi tu. Katika vipicha vile wapo waigizaji wa Kizungu waliopakwa rangi na kuchorwa macho wafanane na Wamongolia na Wachina, chini ya uongozi wa mtu aliyetoka Lucknow. Zienia Merton, mzaliwa wa Burma, yumo kama binti wa Kichina. Wakubwa walimwachia Hussein nini aamue, na nini alikikuta kimeamuliwa? Mchanganyiko ule unataka kutazamwa ukitembea na kusema. Kwa vipicha hauhukumiki.

Sasa ondokeni kwenye kibanda cha polisi, maana hapo ndipo mlipomfungia. Novemba 1965 aliongoza kwa ajili yenu *A Passage to India*, kutoka riwaya ya E. M. Forster, mzee akiwa bado hai Cambridge. Sybil Thorndike alikuwemo, Zia Mohyeddin akawa Daktari Aziz, na Virginia McKenna akawa Adela; ndiye huyo huyo ambaye wakati ule alikuwa ametoka Kenya kumwigiza Joy Adamson kati ya simba. Mhindi anaongoza hadithi ya Mwingereza kuhusu Wahindi wanaotuhumiwa na Waingereza, miaka 18 tu baada ya uhuru wa India, ndani ya nyumba ya BBC. Hiyo ndiyo siku ambayo ningewaomba muiadhimishe, kama ni lazima muadhimishe siku.

Mwaka 1974 akarudi kufanya kazi na Verity Lambert katika *Shoulder to Shoulder*, tamthilia ya sehemu sita juu ya wanawake waliodai kura, akigawana uongozaji na Moira Armstrong. Siân Phillips aliigiza Emmeline Pankhurst. Mwaka 1978, kwa kituo cha Thames, akatengeneza *Edward & Mrs. Simpson*, sehemu saba za mfalme aliyeacha kiti kwa ajili ya mwanamke, huku mwanamke mwenyewe akiwa bado hai Paris. Ikapata tuzo ya BAFTA. Katikati ya hayo aliwaongoza Elizabeth Taylor na Richard Burton katika tamthilia ya televisheni ya talaka, mwaka 1973, mwaka ule ule wenyewe walipotangaza kutengana. Kuna na filamu za sinema, ikiwemo moja ya watoto ya 1971 ambayo Waingereza waliipuuza na Wajapani wakaipenda mno. Hizo siwadai nyinyi.

Ninayotaka kusimama kwayo kidogo ni *Intimate Contact* ya 1987, iliyoandikwa na Alma Cullen kwa ajili ya kituo cha Central. Mfanyabiashara wa tabaka la kati anarudi kutoka New York na virusi vya UKIMWI, naye mke wake, Claire Bloom, analazimika kujifunza upya ni nani rafiki. Hakuna mhusika wa kulaumiwa kwa urahisi. Majirani wenye bustani nzuri ndio wanaotisha. Mwaka huo kwetu Kagera watu walikuwa wamekwisha kuzika kwa miaka kadhaa, na kule Uganda ilikuwa bado miaka miwili kabla ya mwanamuziki Philly Lutaaya kusimama hadharani na kusema anao. Sisi tulidhani unyanyapaa ni ugonjwa wa vijijini kwetu, wa watu wasiosoma. Ile ingetuonesha sebule za wenye shahada zikifanya vilevile. Najua si mali yenu, ilikuwa ya washindani wenu wa ITV, ambao Central ilikuwa miongoni mwao. Ila nyinyi ndio mna uzito wa kuwaita wenye mali mezani.

Ndiyo maana naomba haya yafuatayo, nayaomba kwa mpangilio wa uwezekano wake.

La kwanza halihitaji hata senti ya studio. Toeni hadharani orodha kamili ya kila kitu Waris Hussein alichowaongozea tangu 1960, na mbele ya kila jina muandike: kipo, hakipo, kipo nusu, kipo sauti. Orodha hiyo mnayo; watunza kumbukumbu wenu ni watu makini na hawachezi. Mashabiki wa Doctor Who wameshawafanyia kazi hiyo kwa tamthilia moja, kwa upendo na ukaidi. Tamthilia za usiku mmoja hazina mashabiki wa namna hiyo, na huko ndiko mashimo yasiyohesabiwa yaliko.

La pili ni vile vipindi vinne. Mwenye haki ana haki, na sitaki mumkanyage mtu kwa sababu ni mmoja na nyinyi ni shirika. Ila kati ya kushinda na kushindwa kuna usuluhishi. Tafuteni mpatanishi ambaye pande zote zinamwamini, lipeni kinachostahili, mmalize. Isiwe tena maadhimisho mengine yanakuja na keki ipo, mwenye siku hayupo.

La tatu linatuhusu sisi. Nakala za filamu za vipindi vile zilisafirishwa kwenye makopo kwenda vituo vya nchi nyingi, na kituo kimoja kikimaliza kiliweza kukipelekea kingine. Nigeria, Sierra Leone na Zambia zilikuwa miongoni mwa wanunuzi wa Afrika. Mwaka 2013 zikatangazwa habari kwamba Philip Morris, mtafutaji wa vipindi vilivyopotea, amekuta kwenye stoo ya kituo cha Jos, Nigeria, makopo yenye vipindi tisa vilivyodhaniwa vimepotea. Vilikuwa vya zama za Patrick Troughton, Daktari aliyemfuata Hartnell, si vya Hussein, na baada yake orodha ya vilivyopotea ikabaki na 97. Lakini vilikuwepo, vumbini, kwa miaka mingi. Freetown hakuna la kutegemea, kwa sababu vita viliunguza hifadhi yao. Tanzania Bara msihangaike nako pia, tulikuwa hatuna televisheni mpaka miaka ya 90. Kwingineko, nani ameuliza, na ameuliza kwa lugha gani?

Maana anayejua yaliyomo kwenye stoo ya kituo cha zamani si mkurugenzi. Ni fundi mstaafu, ni karani wa ghala, ni mlinzi aliyeambiwa atupe makopo akaona bati zuri akaenda nalo nyumbani. Hao hawasomi taarifa zenu za Kiingereza kwa vyombo vya habari. Wanasikiliza idhaa zenu: Kiswahili, Kihausa, Kiamhari, Kisomali. Tangazo la dakika moja, lirudiwe kwa wiki chache, lieleze kopo linafananaje, lisifunguliwe jikoni, lipelekwe wapi, na kwamba hakuna atakayeulizwa alilipataje. Hiyo ya mwisho msiisahau, la sivyo hamtaletewa hata kifuniko. Akiba haiozi, husema wazee, lakini wazee hawakuifahamu filamu ya asetati. Ikikaa penye joto na unyevunyevu inaanza kutoa harufu ya siki, inajikunja, kisha inakufa. Stoo za pwani na za Ziwa zina joto na unyevunyevu wa kutosha.

Mtajibu kwamba bajeti imebana, na kwamba idhaa za lugha zenyewe zimekatwa vipande hadi nyingine zimefungwa. Hilo naliona na linaniuma kivyake. Lakini orodha haina bajeti, na tangazo la redio katika redio yenu mwenyewe halina bajeti ya kutaja. Kilichopungua ni mtu wa kupewa jukumu kwa jina.

Verity Lambert amefariki. Newman pia, na Hartnell zamani. Waliosimama studio D siku zile wanahesabika, na wanachokumbuka juu ya kamera, taa na ugomvi wa studioni hakimo kwenye jalada lolote. Mkae nao na kinasa sauti sasa, muwaulize juu ya kazi, juu ya pembe ya kamera na kwa nini iliwekwa pale, kabla ya kuwauliza tena walijisikiaje kuwa wa kwanza.

Naomba barua hii ipangiwe ofisa mmoja na namba ya jalada. Majibu yenu, yakiwa ya Kiswahili au ya Kiingereza, nitayachapisha neno kwa neno, na yakiwa ya Kiingereza tafsiri nitafanya mwenyewe.

Wasalaam,

Mlipa ada wenu,
Leicester